Barua Chini ya Kiti cha Tausi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alisema kwa sauti ya fundi anayekushauri injini isifunguliwe tena, iachwe itembee hivyo hivyo mpaka isimame yenyewe. Nimekatazwa chumvi, ngazi na msisimko. Nikamuuliza pikipiki iko kwenye fungu gani. Akajibu iko kwenye yote matatu. Hapo kwenye chumvi sikumwelewa.

Nina miaka themanini na moja. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, nimeendesha pikipiki sitini, nimeshindana kumi na tisa. Bandani mna pikipiki tisa, zote kuukuu, zote zinavuja oili, na hakuna iliyo changa kuliko binti yangu. Sina majuto, isipokuwa mawili.

La kwanza. Marehemu mke wangu nilimwambia tuna pikipiki tatu. Zilikuwa saba. Nilizipaka zote rangi moja ya kijani, nikawa nazitoa kwa zamu. Miaka kumi na miwili niliamini nina akili. Kisha siku moja, akiwa anakunja nguo, akasema bila kuinua kichwa kwamba sakafu ya banda ina madoa saba ya oili. Akaendelea kukunja. Hilo alinisamehe, kwa hiyo nalifuta.

La pili ni Koki.

Miaka arobaini na moja iliyopita yalikuwapo mashindano kwenye barabara ya machimbo ya kokoto. Desturi yetu ilikuwa kila mwendeshaji asimame kando ya pikipiki yake, injini zikinguruma, mpaka bendera iinuliwe. Kando yangu alisimama mchonga vyuma mmoja mwembamba, na pikipiki yake ya buluu aliyoiita Tausi. Nilijua atanishinda. Nilijua kwa kusikiliza tu.

Sasa, pikipiki za kizamani zina koki ndogo chini ya tangi. Ukiifunga, petroli haishuki. Lakini injini haizimi papo hapo. Inakunywa kwanza kilichobaki ndani ya kabureta, nacho kinatosha kama mita mia nane. Nilikuwa nimewahi kulipigia hesabu jambo hilo ubaoni. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilipoinuka, koki ya Tausi ilikuwa imefungwa.

Alitoka mbele yangu kama mshale. Kwenye kona ya machimbo Tausi akakohoa mara mbili, akanyamaza. Nikampita. Watu walipoenda kukagua wakakuta koki imefungwa, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kosa la mtu wa siku ya kwanza! Tangu hapo jina alilopewa na mama yake halikusikika tena. Ni Koki. Wanawe ni watoto wa Koki. Mlango wa karakana yake umeandikwa KOKI kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wajukuu wanamwita Babu Koki.

Kikombe cha ushindi kiko juu ya kabati langu. Kina mkono mmoja. Kimejaa vifungo vya mashati.

Siwezi kufa na jambo hili. Kumwambia pia siwezi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata njia. Najishangaa sikuifikiria mapema.

Wiki ile ya aibu Koki alimuuza Tausi kwa mtu wa vyuma chakavu, kwa kuwa hakuweza kumtazama tena. Kesho yake nilikwenda kwa mtu huyo nikamnunua Tausi, nikamfunika turubai, nikamweka nyuma kabisa ya banda. Koki anaamini Tausi alishayeyushwa akawa masufuria.

Basi nimeandika barua. Kurasa mbili, kila kitu, pamoja na kamba za kiatu. Nimeitia kwenye kisanduku cha spana kilicho chini ya kiti cha Tausi, nikakifunga kwa ufunguo, na ufunguo nimeuficha ndani ya kikombe, katikati ya vifungo. Kisha nimemwambia binti yangu kwamba nikifa, Tausi ni wa Koki.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba Koki atakapokuwa anasoma, mimi nitakuwa nimelala mahali asipoweza kunifuata. Ataweza, lakini baadaye kidogo.

Binti yangu ni mfamasia. Alihamia kwangu mama yake alipofariki, eti anitunze. Anahesabu vidonge vyangu kama afisa wa forodha. Leo nilipomaliza kusema alinitazama kwa muda, macho yakamlainika. Akasema hilo ndilo neno zuri kuliko yote niliyowahi kusema ndani ya nyumba hii. Nikajisikia vizuri. Ningejua, ningeogopa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nililala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nilipoamka nikaenda bandani kwa mwendo wangu wa kobe. Pikipiki nane. Doa la oili lipo, Tausi hayupo.

Binti yangu amekodi pikapu akampeleka Tausi kwa Koki. Akaniambia kwa uso uliochangamka kwamba ameona si haki mtu asubiri mwenzake afe ndipo afurahi, na kwamba Koki mwenyewe ana miaka sabini na tisa, akisubiri sana wataishia kunipelekea mimi pikipiki yake. Anasema Koki alimzunguka Tausi mara tatu, akaweka kiganja juu ya tangi, akalia. Akasema kumbe Mwalimu ni mtu.

Nikakaa juu ya ndoo.

Jioni Koki akapiga simu. Kwa kawaida huniita Chaki, na baada ya Chaki hufuata tusi dogo. Leo aliniita ndugu yangu. Akasema hajui aseme nini. Akasema atamwamsha Tausi kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akauliza kama ninao ufunguo wa kile kisanduku chini ya kiti.

Nikamwambia ulipotea zamani.

Akasema hakuna haraka, tuna wakati.

Barua imo humo. Mimi ni mzima. Mpango mzima ulitegemea niwe nimekufa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda karakanani kwa Koki nikiwa na bisibisi ndani ya soksi. Binti yangu aliniuliza mbona nachechemea. Nikasema ni uzee.

Karakana haijabadilika. Mashine ya kuchongea vyuma katikati, nyuzi za chuma zimejikunja sakafuni, miwani ya Koki imefungwa kwa waya wa shaba. Tausi juu ya stendi, tangi limeoshwa, kiti mahali pake. Koki akanipokea kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema nimepungua, Chaki, naanza kufanana na ile michoro niliyokuwa nikichora ubaoni. Nikamwambia yeye hajawahi kuwa na kitu cha kupungua.

Akaenda kupika chai. Hapo nilikuwa nimepiga hesabu. Koki hukagua kila kitu mara tatu. Jiko mara tatu, bomba la maji mara tatu, mlango wa nyuma mara tatu. Mji mzima unaijua tabia hiyo na kuicheka. Niliiwekea dakika mbili kamili.

Kupiga magoti peke yake kulikula nusu dakika. Nikatia mkono kwenye soksi. Bisibisi ilikuwa imeteremka mpaka kisiginoni. Nikaegemeza shavu kwenye madigadi nipate nguvu ya kuivuta, na hapo hapo Koki akarudi kuniuliza sukari ngapi.

Alinikuta nimepiga magoti, shavu juu ya Tausi, mkono mmoja ndani ya kiatu, machozi ya maumivu yananitoka. Nikasema namuaga Tausi.

Koki akaniinua taratibu. Akasema miaka yote hii hakujua kwamba nina moyo. Nikasema ninao, lakini umechoka. Akasema vijiko viwili basi, nipate nguvu. Alionekana mwenye furaha isiyo ya kawaida. Nadhani ni kwa sababu ya Tausi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bisibisi ilikuwa fikra ya kitoto. Leo nimetumia akili.

Nilimwaga vifungo kitandani, nikauchukua ufunguo. Nitamwambia Koki nimeupata kwa bahati. Nitafungua mwenyewe, mgongo wangu ukimziba, nitachukua bahasha, nikiulizwa nitasema ni karatasi ya mwongozo wa injini na naitaka kwa kumbukumbu. Nilijizoeza mbele ya kioo. Mgongo wangu hauzibi kitu siku hizi, kwa hiyo nikavaa koti la baridi. Jua la saa tano.

Nikafika nikitiririka jasho. Koki akaniuliza kama nahama. Nikamwonyesha ufunguo. Akasema lo, maajabu, karibu, fungua wewe mwenye mkono wa baraka.

Nikafungua. Spana mbili. Kitambaa. Mende aliyekauka.

Barua haimo.

Nilibaki nimeinama. Koki, nyuma yangu, akaniuliza kama kuna kitu nakitafuta. Nikasema hapana. Akasema vizuri. Akauliza usiku huwa napata usingizi. Nikasema napata. Akasema yeye pia, siku hizi tatu analala kama mtoto. Kisha akaenda kukagua jiko.

Njiani nilipumzika mara nne. Uwezekano ni huu: barua ilidondoka kwenye pikapu, lakini kisanduku kilikuwa kimefungwa. Binti yangu ameichukua, lakini ufunguo ulikuwa kwenye vifungo. Mende ameila. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne na ninachoegemea ni mende.

Nilimuuliza binti yangu kwa mzunguko kama ameona karatasi. Akauliza karatasi gani. Nikasema karatasi yoyote. Akanipa kidonge.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Koki amekuja. Amevaa shati lenye kola, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. Alipoketi sebuleni akatoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani kati yetu.

Kile kisanduku alikiunda yeye mwenyewe, miaka hiyo, kwa mashine yake. Kufuli lake hulifungua kwa spoku ya gurudumu, na kwa spoku alilifungua Alhamisi ile ile, binti yangu hata hajatoka nje ya geti. Alikuwa ameshasoma kurasa zote mbili aliponipigia simu na kuniita ndugu yangu.

Nikamuuliza basi kwa nini aliniacha niteseke. Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Akasema tangu afiwe na mkewe hajapata siku nzuri kama Ijumaa. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia na birika mkononi, akiniangalia ninavyopambana na soksi.

Kisha akaifungua barua. Ameisahihisha. Kwa kalamu nyekundu! Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa mbele yangu kwa mita kumi. Amekata, ameandika thelathini. Nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya nikajikuta nimeifunga koki yako". Amekata maneno matatu ya kwanza, kisha akakata "nikajikuta", akaandika pembeni kwamba mkono ni wangu. Chini kabisa: Rudia. Hilo neno nimewaandikia watoto wa watu elfu kadhaa na sikujua linavyouma.

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Akaniuliza kama najua nilimchukulia nini. Nikakitazama kikombe juu ya kabati. Akasema sicho. Akasema kwa miaka arobaini na moja ameamini kichwa chake kina tundu. Alikumbuka kwamba aliifungua koki siku ile, alikumbuka kabisa, na watu wote wakamwonyesha imefungwa. Tangu hapo hakuiamini tena kumbukumbu yake kwa jambo lolote. Jiko mara tatu. Mlango mara tatu. Mkewe alipougua, kila kidonge aliita jirani aje kuhakikisha. Wajukuu wake sita hakuwahi kumwogesha hata mmoja, akiogopa atasahau mtoto yuko majini.

Nilikuwa nimedhani nimemwibia jina.

Nikasimama juu ya kiti, ambacho nadhani kinahesabika kama ngazi, nikashusha kikombe, nikamwaga vifungo, nikampa. Akakichungulia. Akakirudisha mezani. Akasema kikombe cha kupewa hakitaki. Turudie. Barabara ile ile, mpaka kona ya machimbo, yeye na Tausi, mimi na pikipiki yoyote nitakayo. Akishinda anachukua kikombe, nami nitasimama mbele ya karakana yake niwaambie watu nilichofanya, na yeye ataandika mlangoni jina lake halisi. Akalitamka. Sikuwa nimelisikia kwa miaka arobaini. Ni jina zuri, linamfaa.

Nikamkumbusha kuhusu daktari wangu. Akasema hata yeye anaye wake, waje nao washindane.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tulikubaliana kumdanganya binti yangu kwamba tunakwenda kupima macho. Tulikaa barazani tukinong'ona mpango mzima. Mimi sikio la kushoto limekufa, Koki la kulia. Kumbe tulikuwa tukinong'onezana kwa sauti ya mnadani. Muuza magazeti ng'ambo ya barabara akatutakia kila la heri.

Binti yangu akatoka jikoni, taulo la vyombo begani. Akataka kujua ni mashindano gani. Koki akamweleza yote, tangu kamba za kiatu. Mimi nilichunguza vigae.

Alipomaliza, binti yangu alisema neno moja tu. Baba. Mama yake alikuwa akilisema jina langu kwa sauti hiyo hiyo, wakati wa madoa ya oili.

Nikajua imekwisha. Nikaanza hata kusema kwamba mimi ndiye niliyekataa tangu mwanzo. Lakini yeye alikuwa anamtazama Koki, na Koki alikuwa anatazama viganja vyake mwenyewe. Mwishowe akasema gia ya pili, isizidi. Kofia ngumu. Yeye atatufuata kwa gari na mkoba wa dawa. Bendera atainua yeye, na kiki atapiga yeye, maana hatuna hata mguu mmoja wa kuaminika kati yetu.

Hilo la kiki nililipinga. Nimemchagua Bibi Mkubwa, pikipiki yangu ya silinda moja, amenizidi umri kwa miaka mitatu, na kiki yake iliwahi kunivunja kifundo cha mguu. Kwa miaka miwili hajawaka. Nikamwambia Bibi Mkubwa anahitaji mtu anayemjua.

Binti yangu akavaa raba, akaingia bandani, akaibonyeza kiki taratibu, akasikiliza, akapiga kiki moja. Bibi Mkubwa akawaka. Nikaeleza kwamba nilikuwa nimeshamlainisha. Wote wawili wakasema ndiyo, bila shaka.

Nilimuuliza baadaye kwa nini amekubali. Akasema yeye si daktari, lakini amewauzia watu wengi dawa za moyo, na wanaorudi kila mwezi wakiwa wanatembea ni wale wenye jambo la kufanya wiki ijayo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Naandika kitandani. Mwandiko huu umepinda. Ni mitikisiko ya Bibi Mkubwa, si ugonjwa.

Barabara ya machimbo sasa ina lami. Shimo limejaa maji, na bata wanaogelea pale lori zilipokuwa zikipakia kokoto. Pikapu ilitushusha saa tatu asubuhi. Nilimjaribu Bibi Mkubwa kidogo, nikamzima, nikafunga koki, kama nilivyofanya kila niliposimama kwa miaka sitini. Pikipiki ya zamani ukiiachia koki wazi utakuta petroli yote iko chini.

Napenda iandikwe kwamba nilifika pale na nia safi. Nilikuwa nimeamua kushindwa kwa heshima. Nilishaandaa maneno ya kusema mbele ya karakana.

Binti yangu akazipigia kiki zote mbili. Tukasimama kando ya pikipiki zetu kama desturi inavyotaka. Koki akainama kukagua koki yake. Wazi. Akakagua tena. Wazi. Mara ya tatu. Kisha akainuka, akavua miwani aifute.

Hapo ndipo nilipomsikia Tausi. Koki amemfanya nini pikipiki yule? Alikuwa anapumua kama kijana. Nilijua atanishinda. Nilijua kwa kusikiliza tu.

Viatu vyangu siku hizi havina kamba, binti yangu hununua vya kubandika. Basi nikaangusha fimbo yangu ya kutembelea. Nikainama. Mkono ulikwenda wenyewe. Natambua kwamba sentensi hiyo Koki angeikata kwa kalamu nyekundu.

Binti yangu akainua taulo la vyombo, bendera yetu ya siku hiyo.

Nilikuwa nimesahau. Upepo kwenye meno. Ile ngurumo inayoanzia kwenye vifundo vya miguu na kukutoka kichwani. Gia ya pili, na bado nguzo za umeme zilikuwa zinakimbia. Kwa muda nilikuwa na miaka ishirini na moja, naenda kufundisha shule yangu ya kwanza, suruali imebanwa kwa pini za nguo, chaki mfukoni, hakuna aliyenifia. Koki alikuwa mbele yangu. Nilimsikia anaimba ndani ya kofia.

Kabla ya kona, Tausi akakohoa mara mbili. Nikampita huku nikitazama mbele. Nikahesabu mita kumi, ishirini, thelathini. Kona ilikuwa pale, naiona, bata wanaiona.

Bibi Mkubwa akakohoa mara mbili.

Nilitazama chini. Koki yangu ilikuwa imefungwa. Sikuwa nimeifungua tangu nilipomzima Bibi Mkubwa. Nilikuwa nimeshughulika mno na ya mwenzangu.

Koki alikuwa ameshuka. Akainama chini ya tangi la Tausi, akabaki pale pale. Alipoinuka uso wake ulikuwa umesinyaa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akasema amekagua mara tatu. Akasema tena, kwa sauti ndogo, mara tatu, Chaki, uliniona. Nikasema nilimwona.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Naapa nilikuwa nimeshafungua. Lakini yeye alikuwa ameshakuja mpaka kwangu, amechungulia chini ya tangi la Bibi Mkubwa, na kuona. Akaigusa koki yangu kwa kidole. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka akakaa katikati ya barabara na kofia ngumu kichwani. Akasema basi. Akasema kama Mwalimu wa fizikia naye amesahau, siku moja, mahali pamoja, basi si tundu la kichwa chake, ni uzee tu, na uzee ni wa kila mtu. Siku ile ya zamani kichwa chake kilikuwa kizima, na kwake hilo ndilo lenye maana. Nami nikakaa chini. Tulicheka mpaka bata wakaondoka.

Binti yangu akafika na gari. Akatazama koki ya kwanza. Akatazama ya pili. Kisha akanitazama mimi, viatu vyangu, na tena mimi. Akafungua mlango wa gari akatoa fimbo yangu.

Baba, akasema, hii uliiangusha.



Ijumaa, tarehe 14 Machi

Daktari amenisikiliza kifua mara mbili. Mara ya kwanza hakuamini. Amesema mapigo ni mazuri kuliko mwanzoni mwa mwezi, akauliza nimebadilisha nini. Nikasema nimeacha chumvi.

Asubuhi nilisimama mbele ya karakana, na ingawa hakuna aliyefika kwenye kona, niliwaambia watu wote kuhusu kamba za kiatu za miaka arobaini na moja iliyopita. Muuza magazeti alipiga makofi, kisha akaniita mwizi. Koki ameandika jina lake halisi mlangoni. Neno KOKI ameliacha juu yake. Amesema mkewe alikuwa akimwita hivyo hivyo, na sauti yake imo humo. Mchana mjukuu wake wa mwisho aliletwa, akamwogesha mwenyewe kwenye beseni, binti yangu alikuwapo. Anasema mtoto alitoka majini akiwa amekaguliwa mara moja tu.

Kwa kuwa mashindano hayakuisha, tutarudia mwezi wa nne. Kikombe amekichukua akakiwekee mkono wa pili.

Sasa limebaki jambo moja. La jana. Siwezi kufa nalo. Kumwambia sasa pia siwezi, mtu amefurahi hivi. Nimelitafakari tangu alfajiri na nimepata njia.

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja, mita thelathini nimeziandika sawasawa. Nimeitia kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti cha Bibi Mkubwa, nikakifunga, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Nimemwambia binti yangu kwamba nikifa, Bibi Mkubwa ni wa Koki. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa.

Koki amepiga simu sasa hivi. Kesho asubuhi atakuja na pikapu kumchukua Bibi Mkubwa, akamkague koki, huenda ni mbovu. Ni jambo jema la kirafiki, nimekubali.

Safari hii hakuna kitakachokwenda mrama. Kile kisanduku ni imara. Nimekitazama vizuri: kufuli lake ni kazi ya mkono wa Koki mwenyewe.